Mgeni Siku Tatu: Mafunzo ya Msikiti wa Süleymaniye

(Mawaidha yaliyotolewa kabla ya futari, katika kumi la pili la Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Wengi wetu tunaoishi hapa Washington, Maryland na Virginia, tunapokwenda nyumbani kuwaona wazazi, hupitia Istanbul. Nasi mwaka jana tulipita njia hiyo, tukapata nafasi ya nusu siku kabla ya ndege ya Mombasa, tukaazimia kwenda kusali Adhuhuri katika msikiti wa Süleymaniye.

Kabla ya kuendelea, tukumbushane hukumu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari haifungwi kwa kuukusudia msikiti isipokuwa mitatu: Msikiti Mtukufu wa Makka, msikiti wake wa Madina na Msikiti wa Aqsa. Misikiti mingine, hata iwe mikongwe na mizuri namna gani, haina fadhila hiyo. Ama aliye njiani kwa haja yake, akaingia kusali na kuzingatia, huyo hana lawama.

Msikiti huo ulijengwa baina ya mwaka 1550 na 1557 kwa amri ya Sultani Suleiman, na mjenzi wake mkuu alikuwa Sinan. Kuba lake kubwa lina upana wa mita 26 na ushei, na kimo chake kutoka sakafuni ni kiasi cha mara mbili ya upana huo. Una minara minne yenye roshani kumi. Husemwa kwamba minara ni minne kwa kuwa Suleiman alikuwa sultani wa nne tangu mji ulipofunguliwa, na roshani ni kumi kwa kuwa alikuwa wa kumi katika ukoo wa Uthmani. Yasimuliwa pia kwamba Sinan aliupangia upepo njia, ukauchukua moshi wa kandili hadi kwenye chumba kilicho juu ya mlango mkuu, na masizi yake yakatengenezwa wino wa kuandikia.

Sasa tutakiri kosa letu. Tulipoingia, macho yalipanda kubani na mikono ikatoa simu. Tukapiga picha za mihrabu, mimbari na madirisha ya vioo vya rangi, kisha tukaketi. Ni baada ya kuketi ndipo tulipokumbuka kwamba hatukusali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti, nasi ndio tunaowafundisha watu sunna hiyo kila mwaka. Tuliingia nyumba ya Mwenyezi Mungu tukaiamkia nyumba, tukamsahau Mwenyewe.

Lakini funzo kubwa zaidi tulilipata nje. Süleymaniye haukuwa msikiti peke yake. Ulizungukwa na madrasa, hospitali, jiko la kuwapikia maskini na nyumba ya wasafiri, vyote vikiendeshwa kwa mali ya wakfu. Katika nyumba hiyo msafiri alipokelewa, akalazwa na kulishwa kwa muda wa siku tatu. Hesabu hiyo haikubuniwa na Sinan wala Sultani. Ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.), kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Hadithi tunayoihifadhi kwa ulimi, wao waliijengea kuta na kuiwekea wakfu.

Asiyeweza kufika Istanbul si lazima apande ndege. Hapa jirani, Lanham, Maryland, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2016, uliojengwa kwa mtindo wa Kiothmani wa karne ya 16. Waliojenga hawakuishia kwenye kuba na minara. Ndani ya uwanja wake mna pia nyumba za wageni.

Na sisi je? Ndugu zetu, Ramadhani iliyopita alikuja kijana katika ukumbi huu tunaoukodi, mgeni kutoka pwani ya kwetu, mkononi ana begi moja. Tulimpa salamu. Tulimpa tende, uji na sambusa. Tulimuuliza ni mtoto wa nani na ametoka mtaa gani. Hakuna aliyemuuliza atalala wapi. Baada ya siku nyingi tukapata habari kwamba usiku ule, na nyingine kadhaa baada yake, alilala ndani ya gari. Tulisimama safu moja naye katika Tarawehe, mabega yakigusana, kisha kila mmoja wetu akaenda kwake.

Msafiri aliyekatikiwa ni mmoja wa watu wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, kuwa wana haki katika zaka, hata kama kwao ni mtu mwenye mali. Na dua ya msafiri ni miongoni mwa dua zinazojibiwa. Basi si yeye peke yake aliyekosa usiku ule. Nasi tulikosa dua yake.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapo wanaoitumia methali hii kumfukuza mgeni. Sisi tunaiona ni agizo la wema. Aliyekuja kuishi hawezi kuwa mgeni daima. Siku ya tatu mwenyeji humtafutia pa kulima. Jembe la nchi hii ni kumfikisha mtu kwa mwajiri, kumsaidia kupata leseni ya udereva na kumsomea barua za serikali asizozifahamu.

Kwa hiyo, baada ya futari ya leo, kwenye meza iliyo karibu na mlango patakuwa na daftari. Mwenye chumba, na hata mwenye kochi, aandike jina lake na usiku anaoweza kumpokea mgeni. Asiye na nafasi aandike atakachochangia. Na kuanzia usiku huu, kila anayemwona mtu asiyemjua amuulize swali moja: umefikia wapi? Kuba la Sinan hatuliwezi. Siku tatu tunaziweza.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyapuuza. Wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani. Zipokee saumu zetu, na uzifanye nyumba zetu mahali pa kufikia waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.