Bei ya Kiwanja na Bei ya Maisha: Hotuba juu ya Makazi ya Gatumba





Mtu akitaka kuoa huuliza ukoo. Akitaka kusafiri huuliza njia. Na akitaka kununua ng'ombe humfungua kinywa akamtazama meno. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akitaka kununua mahali pa kulaza watoto wake maisha yote, aghlabu huuliza neno moja tu: "Bei gani?" Akiambiwa kwamba bei ni ndogo hufurahi, hutoa fedha zake, naye huitwa mwenye nyumba tangu siku ile. Maneno haya ni juu ya swali hilo, na juu ya maswali mengine yaliyopasa kulitangulia. Mfano wake ni mji wa Gatumba wenyewe, ambao umewafunza wakazi wake kwa uchungu kwamba bei ya kiwanja ni kitu kimoja na bei ya maisha ni kitu kingine.

Kwanza yapasa Gatumba upewe haki yake. Watu waliokuja kukaa hapa hawakuwa wajinga. Mji uko kiasi cha kilomita 15 tu kutoka katikati ya Bujumbura, juu ya barabara iendayo Uvira, na mpaka wa Kongo u karibu. Mwenye bidhaa ya kuuza ana miji miwili ya kuuzia, na lugha ya Kiswahili humtosha huku na huko. Ziwa hutoa ndagala na mikeke. Bonde la Imbo hutoa mpunga. Malisho hulisha ng'ombe, na maziwa ya Gatumba hunywewa hata Bujumbura. Ardhi ni tambarare, kisima hakihitaji kuchimbwa mbali, na udongo wa matofali uko chini ya miguu. Tena kijana aliyezaliwa Buyenzi, katika ua uliokwisha jaa vyumba vya baba, vya ami na vya wapangaji, angejenga wapi? Mji mkubwa ulimsukuma kwa bei yake, na Gatumba ukampokea. Mahali panapompokea maskini hapafai kudharauliwa.

Walakini kila bei ndogo ina sababu yake, na mnunuzi mwenye akili huitafuta sababu hiyo kabla ya kutoa fedha. Katika Gatumba sababu ni maji, nayo maji hayo ni ya namna mbili.

Maji ya kwanza ni ya mto. Rusizi hutoka Ziwa Kivu, hushuka milimani kwa nguvu, na ufikapo katika bonde hupoteza mbio zake, ukaacha mchanga na matope uliyoyabeba. Hivyo kitanda cha mto huinuka, na mvua ya masika, ambayo Warundi huiita Itumba, ikizidi kipimo, mto huruka kingo zake. Ndivyo ilivyokuwa katika mwezi wa Aprili 2020, maelfu ya watu walipotoka majumbani mwao na vitu walivyoweza kubeba kichwani.

Maji ya pili ni ya ziwa, na haya ni mazito zaidi kwa kuwa hayana haraka. Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba karibu 32,900, nalo hupokea mito mingi. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, yaani mto Lukuga upitao Kalemie, katika nchi ya Kongo. Maji mengine yote hayana njia ila kupanda juu kuwa mvuke. Basi ziwa likijaa kwa miaka kadhaa ya mvua nyingi, halipungui kwa juma moja wala kwa mwezi mmoja. Tena ziwa likiwa juu, mto hukosa pa kumwaga maji yake, nao hurudi nyuma ukaingia vijijini. Ndiyo sababu mwenye nyumba aliyezoea mafuriko ya kuja na kuondoka alishangaa kuona maji yamekaa chumbani mwake kama mpangaji asiyelipa.

Na jambo hili si geni. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962, maziwa ya Afrika Mashariki yalijaa, na Ziwa Tanganyika likafika kilele chake mwaka 1964. Kisha lilishuka. Fukwe zikakauka, majani yakaota, watoto waliozaliwa baadaye wakacheza mpira pale palipokuwa maji, na viwanja vikapimwa na kuuzwa. Ziwa likarudi. Lilipanda mwaka hata mwaka, na katika mwezi wa Mei 2024 lilifika karibu sawa na kimo kile cha 1964. Miaka 60 ni mingi katika umri wa mtu, hata husahau. Katika umri wa ziwa si kitu. Mwaka 2012 sheria ya maji ya Burundi ilitenga mita 150 kutoka ukingoni mwa ziwa zisijengwe. Lakini ukingo wenyewe hutembea, na maji hayasomi sheria. Hata Kajaga, walikojenga wenye mali kwa saruji na vioo, maji yaliingia bila kubisha hodi.

Sasa na ifanywe hesabu. Ichukuliwe mfano wa ndugu wawili, kila mmoja ana mafungu 300 ya fedha. Wa kwanza anunua kiwanja bondeni kwa mafungu 100, na kwa 200 yaliyobaki ajenga nyumba ya vyumba vinne kwa matofali ya udongo usiochomwa, yaitwayo rukarakara. Wa pili anunua kiwanja palipoinuka kwa mafungu 200, na kwa 100 yaliyobaki ajenga chumba kimoja na jiko. Wageni humsifu wa kwanza na kumcheka wa pili. Maji yanakuja mara moja tu. Tofali la rukarakara likikaa majini hurudi kuwa udongo. Ukuta huanguka, na bati huokotwa. Ndugu wa kwanza hupanga kwa watu, kisha hurudi akajenga tena kwa mafungu 200. Amekwisha tumia 500, mbali na kodi aliyolipa, na mkononi ana kiwanja ambacho hapana atakayekinunua. Wa pili ametumia 300, na kila mwaka huongeza chumba.

Lakini hesabu ya haki haiachi upande mmoja. Huyo wa pili, ikiwa kazi yake iko mpakani au sokoni, hulipa nauli kila siku kwenda na kurudi. Na siku petroli inapokosekana, kama ilivyokosekana mara nyingi nchini katika miaka hii, hutembea kwa miguu au hukosa riziki ya siku ile. Nauli ya miaka 10 ni nyumba nzima. Basi bei ya maisha ni kiwanja, na nyumba, na maji, na njia, vyote vikijumlishwa pamoja; naye achukuaye kimoja akaviacha vingine amejidanganya mwenyewe.

Yako tena mambo yasiyohesabika kwa fedha. La kwanza ni afya. Maji yakiingia chooni na kisimani kwa pamoja, kipindupindu huwa mlangoni. Ugonjwa huo ulitangazwa Burundi mwanzoni mwa mwaka 2023. Mbu huzaa katika madimbwi, na viboko na mamba wa Rusizi hufuata maji hata karibu na makazi. La pili ni amani. Gatumba haujasahau usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, walipouawa wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150 katika kambi yao. Wala tarehe 18 Septemba 2011, walipouawa watu zaidi ya 30. La tatu ni mpaka wenyewe. Mpaka hulisha, lakini mpaka hufungwa pia: ulifungwa mwaka 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, na meza za wachuuzi zikabaki tupu. Mwaka 2025 vita vya Kivu ya Kusini viliwasukuma maelfu ya watu kuvuka kuja Burundi, na wenyeji wenye kidogo wakawagawia wasio na kitu. Hapo ilionekana thamani ya Gatumba isiyoandikwa katika hati ya kiwanja, nayo ni ujirani.

Wengine husema kwamba shida hizi ni za nchi maskini tu. Sivyo. Miongoni mwa walionusurika mwaka 2004, wako waliopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007, na katika miaka hiyo hiyo walikwenda pia Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakakaa Tanzania muda mrefu. Huko nako mtu huulizwa akae wilaya gani, naye hupima kodi, kazi, shule na usafiri. Serikali ya nchi ile huhesabu kwamba nyumba inayokula zaidi ya asilimia 30 ya pato la jamaa ni mzigo mzito. Tena mabonde ya mafuriko yamechorwa katika ramani, na anayekopa benki kwa dhamana ya serikali ili anunue nyumba bondeni hulazimishwa kulipa bima ya mafuriko. Kwa njia hiyo bei ya maji huonekana wazi katika hesabu ya kila mwaka. Katika Gatumba bei hiyo ipo vile vile. Tofauti ni kwamba hapana anayeiandika, nayo hulipwa yote kwa usiku mmoja.

Katika wilaya ya Monroe, jimbo la Illinois, kulikuwa na mji mdogo uitwao Valmeyer, wenye watu kiasi cha 900, karibu na mto mkubwa wa Mississippi. Mwaka 1993 mto ulivunja kingo ukauzamisha. Wakazi walifanya shauri, wakaamua kuupandisha mji wao juu ya kilima, pamoja na shule na nyumba za ibada. Si wote walioufuata mji, na kazi ilichukua miaka. Lakini waliopanda walipanda pamoja, nao wakaendelea kuitana majirani.

Hapo ndipo penye siri ya jambo zima. Watu wa Gatumba waliopoteza nyumba walipelekwa kwanza katika makambi, kisha wengine wakaelekezwa milimani Mubimbi, ambako maji ya ziwa hayafiki kamwe. Kwa kipimo cha mafuriko, ni mahali bora. Lakini mama aliyelea watoto kwa kuuza ndagala, atauza nini mlimani? Mvuvi atatupa wavu wapi? Mwenye shamba la mpunga atapalilia lini? Mtu akirudi bondeni kulima, jirani humwita mkaidi. Kumbe amefanya hesabu yake, akaona kwamba njaa ya kila siku i karibu kuliko maji ya kila mwaka. Asilaumiwe kabla ya kuonyeshwa riziki nyingine. Kumhamisha mtu bila kazi yake, shule ya wanawe, msikiti wake na jirani zake, ni kuhamisha kitanda na kumwacha mgonjwa.

Basi ni nini kiwapasacho watu wa jamaa hii? Mambo manne.

La kwanza, anayetaka kununua asiende kutazama kiwanja katika kiangazi. Mwezi wa Agosti kila kiwanja ni kizuri. Aende mwezi wa Aprili au Mei, ziwa linapokuwa juu, na matope yamfike vifundoni. Aangalie alama ya maji katika kuta za jirani, na amwulize mzee wa mtaa maji yalifika wapi mwaka 2020 na mwaka 2024.

La pili, anayeuza aseme kweli. Fiqhi haikuacha jambo hili gizani: kuficha aibu ya kitu kinachouzwa ni haramu, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha kitu na kudai fedha zake. Mbuzi kilema hutangazwa ukilema wake. Seuze kiwanja kinachozama! Mtu aliyepaka chokaa juu ya alama ya maji, akamwuzia mjane, asidhani kwamba fedha ile ni faida.

La tatu, anayebaki bondeni, kwa kuwa riziki yake iko hapo, ajenge kama mtu ajuaye. Ainue msingi, achome matofali ya safu za chini, na choo chake akiweke palipoinuka, mbali na kisima. Na ikiwezekana watoto na hati zake viwe na pa kulala kwa ndugu mlimani wakati wa masika.

La nne, wanaohama wahame kwa shauri la pamoja. Nyumba kumi zikipanda na mwalimu wao wa chuo, na fundi wao, na muuza duka wao, hizo ni mtaa. Nyumba moja ikipanda peke yake ni upweke. Wenye uwezo wafikiri juu ya nauli ya mchuuzi na ya mvuvi kabla ya kufikiri juu ya mapambo, kwa maana nauli ndiyo itakayomweka mtu mlimani.

Mwanadamu hakupewa kujua mvua ya kesho, lakini amepewa jicho la kuona alama ya jana ukutani. Gatumba ni mji mwema kwa anayejua bei yake yote, nao ni mji mkali kwa aliyeambiwa nusu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape makao waliopotelewa na makao, na awajaalie wauzao na wanunuao ukweli katika ndimi zao.