Ushahidi Uliomo Topeni
Hotuba ya mgeni rasmi, Siku ya Ardhi Oevu Duniani, Bomet

  Siku ya Ardhi Oevu Duniani hutukumbusha mkataba wa kulinda ardhi hizo, uliotiwa saini Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971. Huenda mtu akauliza vinamasi vya huko chini vinatuhusu nini sisi wa milimani, Kericho na Bomet. Vinatuhusu kwa njia ya mito. Itare na Kipsonoi huingia Sondu na kuishia Ghuba ya Winam. Nyangores na Amala huungana kuwa Mto Mara, ambao hupita kwenye vinamasi vya Tanzania kabla ya kufika Ziwa Victoria. Hoja yangu ni moja: tukitaka kujua mito hii inabeba nini, tusiridhike na kupima maji ya chupa tu. Tuwahesabu pia viumbe wadogo wanaoishi kwenye mawe na matope.

Maji ya chupa hueleza hali ya saa ile yalipotekwa. Uchafu ukipita usiku, asubuhi yanaweza kuonekana safi. Viumbe wa chini hawana pa kukimbilia. Okota jiwe mtoni, ulipapase: ule utelezi wa kahawia aghalabu umejaa dayatomu, mwani wa seli moja unaoishi ndani ya gamba la silika. Kuna aina zinazotaka maji safi, na kuna zinazoshamiri mbolea na maji taka yakizidi. Maji yakibadilika, mchanganyiko wake nao hubadilika. Huko pwani, kwenye mikoko ya Gazi, watafiti wamechambua minyoo wa topeni wasioonekana kwa macho, na katika bahari nyingi foraminifera, viumbe wa seli moja wenye magamba, hutumiwa kupima uchafuzi.

Tena magamba ya dayatomu hudumu topeni kwa miaka mingi. Mwaka 2002 mtafiti Dirk Verschuren na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa matope yaliyochimbuliwa kwenye sakafu ya Ziwa Victoria, tabaka kwa tabaka. Mabaki yaliyomo, vikiwemo vichwa vya funza wa visubi, yalionyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka miaka ya 1930, watu na kilimo vilipokuwa vikiongezeka pembezoni mwa ziwa, na kwamba oksijeni ya kwenye kina ilianza kupungua mapema miaka ya 1960. Ushahidi huu unakata mzizi wa fitina. Wengi humlaumu samaki aitwaye mbuta peke yake kwa kutoweka kwa samaki wa asili. Mbuta alitiwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, lakini alizagaa miaka ya 1980, ziwa likiwa limeshaanza kuugua. Mbuta ana lake la kujibu, na nchi kavu ina lake.

Mkulima atasema: basi tunashtakiwa sisi wakulima wa chai. La hasha. Chai iliyofunga vizuri hushika udongo kuliko shamba lililo wazi, na uchafu unaweza kutoka mjini au kiwandani. Ndiyo maana sampuli zichukuliwe juu na chini ya kila shamba, kiwanda na mji. Viumbe wakiwa walewale pande zote mbili, mwenye shamba ana kinga dhidi ya lawama. Mwingine atasema viumbe hubadilika kwa misimu. Ni kweli; basi Januari ilinganishwe na Januari, Mei na Mei. Wa tatu ataulizia gharama. Kutambua dayatomu ni kazi ya mtaalamu mwenye hadubini kali, lakini kusugua jiwe kwa mswaki na kukinga utelezi kwenye kichupa hakuhitaji shahada. Maabara nayo ibaki, kwa kuwa viumbe hawa hawatutajii jina la kemikali.

Kwa hiyo naziomba serikali za kaunti, viwanda vya chai, Chuo Kikuu cha Kabianga na jumuiya za watumiaji maji waanze kuweka kumbukumbu ya viumbe hawa mwaka huu, kabla mgogoro haujazuka. Kumbukumbu inayoanzishwa baada ya ugomvi haiaminiwi na upande wowote. Kwa hayo machache, natangaza kwamba maadhimisho haya yamefunguliwa rasmi.