Nepi za Wagonjwa na Hesabu ya Zabuni

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Jambo nililopewa kulizungumza ni jambo la kuonewa haya, na kwa haya hiyo wanyonge wetu wanaonewa. Ni habari ya watu wasioweza kuzuia mkojo: wazee, waliopooza, na akina mama waliopata fistula kwa uzazi wa taabu. Wanavyuoni humwita mtu huyo mwenye salasil-bauli, nao hawakuona haya kumwekea hukumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi ajisafishe, afunge kitambaa, atawadhe baada ya wakati kuingia, kisha asali. Na hivyo kwa kila fardhi. Basi kitu kinachomweka mkavu si anasa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya 2016 ya vifaa 50 vya kuwasaidia wenye ulemavu na wazee, lilivitia na hivi vya kufyonza mkojo.

Sasa Serikali ivinunue vipi? Mimi ni mtu wa duka. Nitatoa mfano wa dukani, na bei zake ni za kukisia tu. Nepi moja ya mtu mzima ni shilingi 900, nayo yadumu saa 3. Nyingine ni shilingi 1,500, nayo yadumu saa 6. Karani wa zabuni akitazama bei ya moja moja atachukua ile ya 900, na atasifiwa kuwa ameokoa mali ya umma. Lakini siku ina saa 24. Za kwanza zahitajika 8, ndizo shilingi 7,200. Za pili 4, ndizo shilingi 6,000. Na hapo sijatia sabuni ya mashuka, wala muuguzi anayeitwa usiku wa manane, wala ngozi ya bibi kizee inayochubuka kwa majimaji hata ikawa kidonda. Umma umepunjwa, na mizani ilionekana sawa.

Ulaya neno hili limekwisha kuingia katika sheria. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2014, uliwaruhusu wanunuzi wa serikali kupima ubora, na gharama ya kitu tangu kununuliwa hata kutupwa. Uingereza, kwa sheria ya 2023 iliyoanza kutumika Februari 2025, iliondoa hata neno la uchumi katika kipimo chake: yashinda zabuni yenye manufaa zaidi. Lakini kuruhusu si kulazimisha, na hilo tuliangalie sisi tunaodai.

Muuzaji naye atakuja na karatasi ya maabara. Kipo kipimo cha 1996, ISO 11948-1: nepi hupimwa uzito ikiwa kavu, ikatoswa majini, ikachuruzishwa, kisha ikapimwa tena. Chaeleza maji yaliyoshikwa. Hakielezi kama itavuja pajani mwa mtu anayejigeuza kitandani. Hayo waulizwe wauguzi na wagonjwa, baada ya kuijaribu siku kadhaa, kabla ya mkataba kutiwa saini.

Naomba basi tawi lipeleke madai haya kwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi: kila zabuni ya nepi na mipira ya mkojo, kwa hospitali za Unguja na Pemba, ionyeshe gharama ya mgonjwa mmoja kwa siku, na hesabu hiyo itangazwe pamoja na jina la mshindi. Karatasi iko mezani kwa Bwana Katibu. Atakaye kutia saini aitie kabla hatujatawanyika.