Daktari Aliyechora Meli kwa Tindikali



Jioni hii twataka kusema juu ya saa za mapumziko, na mfano wetu ni daktari mmoja wa London, Francis Seymour Haden, aliyezaliwa mwaka 1818 akafa mwaka 1910.

Kazi yake ilikuwa kupasua wagonjwa. Katika nafasi yake alichora picha kwa sindano na tindikali, na hata mafundi wa kazi hiyo walimsifu. Mwaka 1880 akaanzisha chama chao, maana yeye naye alijua faida ya chama.

Wenzetu wa karakana watafahamu upesi jinsi ifanywavyo. Bamba la shaba nyekundu hupakwa nta, kisha hufukizwa moshi liwe jeusi. Mchoraji huikwaruza nta kwa sindano mpaka shaba ionekane. Bamba likitiwa katika tindikali, huliwa pale tu palipokwaruzwa. Mstari ukikaa sana huwa mzito, ukikaa kidogo huwa mwembamba. Nta ikiisha kuondolewa, hupakwa wino, na wino hupanguswa ukabaki mistarini tu. Ndipo bamba na karatasi yenye unyevu hupitishwa pamoja katika mtambo wa kugandamiza. Picha hutoka kinyume, kushoto huwa kulia.

Mwaka 1870 daktari huyo alichora manowari Agamemnon ikivunjwa katika mto Thames. Meli hiyo ya mbao, yenye mizinga 91, ilishushwa majini Woolwich mwaka 1852. Mwaka 1858 ilisaidia kulaza waya wa simu chini ya bahari ya Atlantiki. Baada ya miaka 18 tu ikawa mbao za kuuzwa. Leo twaiona katika picha ya daktari.

Sasa twauliza: kati ya maseremala na wahunzi walioiunda, hakuwako hata mmoja mwenye jicho na mkono kama wake? Bila shaka walikuwako. Lakini daktari alikuwa na mali na nafasi, na fundi alirudi nyumbani usiku, amechoka, taa haina mafuta.

Kwa hiyo chama kikidai saa za kazi zipunguzwe, mtu asiseme twapenda uvivu. Twadai jioni zetu, tupate kusoma, kuchonga, kuimba, kuchora. Nasi tukizipata, ndugu, tusizimalize zote kilabuni.