Kwaresima ya Akina Mama

Msikilizaji, Kwaresima ikifika mahubiri ya kufunga hatuyakosi. Acha nyama, acha sukari, acha soda. Siku hizi wengine wanafunga simu. Sina ugomvi na soda. Ila kuna mfungo mmoja wa Nairobi, mwaka 1992, ambao ni nadra kuusikia mimbarini.

Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichoifanya KANU kuwa chama pekee. Vyama vingi vikawa halali, lakini waliofungwa kwa kuidai siasa hiyohiyo wakaachwa ndani. Mama zao, wengi wao wazee kutoka mashambani, hawakukubali. Mwishoni mwa Februari walimwendea Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, kisha wakaketi Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakasema hawali mpaka wana wao waachiliwe. Alikuwemo Monica Wangu, mamake Koigi wa Wamwere, mmoja wa waliokuwa ndani. Tarehe 3 Machi polisi waliwajia kwa marungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa akazirai. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari wa rika la wana wao, na uzito wa laana ile hauhitaji kuelezwa kwa Mwafrika.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu. Bustani ililindwa na askari, basi akina mama wakaelekea Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Provosti Peter Njenga akawapokea.

Walikaa karibu mwaka mzima, katika chumba kilicho chini ya kanisa. Hebu fikiria maana yake. Watu wazima wanahitaji pa kulala, pa kuoga, pa kufua. Wanaugua, wanakosana, wanalia usiku. Juu yao kwaya inafanya mazoezi na arusi zinafungwa. Jumapili unaingia na suti yako, nao wapo, na serikali inajua wapo. Tamko la maaskofu huandikwa alasiri moja, na nayaheshimu matamko. Lakini kumhifadhi kwa miezi mtu asiyetakiwa na wakubwa ni ibada ya namna nyingine. Nabii Isaya, sura ya 58, anawakemea wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao. Mfungo anaoutaka Mungu, anasema, ni ule unaowafungua waliofungwa. Akina mama wale waliushika mfungo huo kama ulivyoandikwa, na mapema 1993 wengi wa wana wao wakatoka.

Mlango ule waliofunguliwa akina mama uliligharimu kanisa. Julai 1997 polisi waliingia humohumo wakawapiga watu waliokuwa wakisali, akiwemo Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA.

Sasa tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Kanisa lililozoea bahasha ya mwanasiasa halitakuwa na ujasiri wa kumficha mtu anayemkimbia mwanasiasa huyohuyo. Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza Rais William Ruto arudishiwe fedha alizotoa katika Kanisa Katoliki la Soweto: shilingi 600,000 za kwaya na baraza la watoto, na milioni 2 za nyumba ya padri. Wapo walionung'unika kwamba nyumba ya padri itajengwa na nani. Itajengwa na waumini, polepole, kwa sadaka zao, na padri atakayelala humo hatakuwa na deni Ikulu.

Kwa hiyo, mzee wa kanisa unayenisikiliza, kikao chenu kijacho kiwe na ajenda mbili zaidi. Mwaka huu tumepokea kiasi gani kutoka kwa wanasiasa? Na mama akija usiku akitafuta mwanawe aliyekamatwa, ufunguo wa kanisa uko kwa nani?