Fidla za Watoto na Gitaa za Wakubwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa nafasi hii tuseme machache juu ya muziki wa vijana, jambo lililotuletea maneno makali katika mkutano wa mwaka jana. Wako waliosema kwamba fedha za chama ni za mazishi, karo na wagonjwa, wala si za kununulia fidla. Sisi tulikuwa miongoni mwao, na twakiri hivyo mbele yenu. Vijana walikuwa wamesimama nje ya dirisha, wakasikia kila neno.

Tarehe 7 Februari 2016, katika mji wa Santa Clara, California, ilichezwa fainali kuu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa kwa mikono. Watu zaidi ya milioni 110 nchini humo waliitazama katika televisheni. Wakati wa mapumziko ilipiga Coldplay, bendi ya roki ya Uingereza, ambayo wenyewe walikutana wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu London, na walikuwa wamekwisha kupiga pamoja miaka kama 20. Watu wa namna hiyo hawahitaji mtoto ili wasikike. Lakini walipiga pamoja na vijana wa Youth Orchestra Los Angeles, wengi wao watoto wa mitaa ya watu wa kipato kidogo, na kiongozi wao Gustavo Dudamel. Muziki wote haukuzidi robo saa. Beyoncé na Bruno Mars walikuwako pia, na magazeti yakawasema hao kuliko watoto. Ndivyo yalivyo magazeti.

Lakini robo saa hiyo ilitanguliwa na miaka mingi. Okestra ile ilianzishwa mwaka 2007, na watoto wake hupewa ala na mafundisho bila malipo. Dudamel naye alilelewa na mpango wa Venezuela ulioanzishwa mwaka 1975 na José Antonio Abreu, mwanamuziki aliyekuwa pia mtaalamu wa uchumi. Abreu mwenyewe alisimulia kwamba siku ya kwanza alikuwa ametayarisha nafasi za watoto 100, wakafika 11 tu. Akajiuliza kama aufunge mpango au awazidishe watoto. Twauliza: je, halmashauri yetu ingetia sahihi hundi kwa ajili ya watoto 11?

Wazee wetu mwajua ngoma. Mpigaji wa msondo hamtangulii mwenye chapuo. Katika okestra ni vivyo hivyo: mtoto hukaa kimya akihesabu mapigo, akisikiliza mwenzake, hata ifike zamu yake. Mafundisho hayo twayatafuta kwa fimbo, na hatuyapati.

Wala si mambo ya ng'ambo tu. Huko Korogocho, Nairobi, karibu na jaa la Dandora, mpango uitwao Ghetto Classics umefundisha watoto muziki wa namna hii tangu mwaka 2008.

Hatuombi fedha za mazishi ziguswe. Twaomba kisanduku cha peke yake, ala ziwe mali ya chama, zifungiwe katika ofisi yetu, na kila siku ya mazoezi awepo mzee mmoja. Mwenye kupinga na aseme leo, sote tukiwapo. Karatasi ya majina iko mezani kwa Mwandishi, na jina letu limekwisha kuandikwa.