Sifa na Ujuzi Unaomfaa Msimamizi wa Miradi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wao, inaletwa hapa kwa faida ya wasomaji.)





Mada niliyopewa leo ni sifa na ujuzi unaomfaa mtu anayetaka kuufanya usimamizi wa miradi kuwa kazi yake ya maisha. Huenda baadhi ya wazee wakajiuliza mada hii ina uhusiano gani na msikiti. Jibu ni kwamba karibu kila mmoja wetu amepata kuchangia mradi: kisima, darasa la madrasa, zahanati au choo cha shule. Na kila mmoja wetu anazijua zile kuta zilizoishia kwenye lenta, majani yameota ndani yake, na waliochanga wamechoka kuuliza. Aghalabu fedha hazikuibwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuiongoza kazi tangu siku ya kwanza hadi siku ya kukabidhi ufunguo. Na hasara yake si matofali tu, kwani mchango unapoitishwa mara ya pili, mikono haitoki mifukoni.

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye lengo linalojulikana, na yenye fedha na muda uliopimwa. Kuendesha duka si mradi. Kulijenga duka hilo ni mradi. Basi msimamizi wa mradi ni yule anayebeba dhamana ya kulifikia lengo hilo kwa fedha hizo na kwa muda huo.

Ndugu zangu wapenzi, Kurani Tukufu inatusimulia kwamba Nabii Yusufu (a.s.) alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakuishia kwenye tafsiri. Alitoa mpango: miaka saba ya kulima kwa bidii na kuyahifadhi mavuno katika masuke yake, kisha miaka saba ya dhiki ya kuitumia akiba ile. Akaomba awekwe juu ya hazina za nchi, na sababu alizozitaja ni mbili: kwamba yeye ni mlinzi mwema, na kwamba ni mjuzi. Sifa zote nitakazozieleza zinarudi kwenye mambo haya mawili. Uaminifu usio na ujuzi hujenga ukuta utakaoanguka. Na ujuzi usio na uaminifu humaliza nyumba ya msimamizi kabla ya darasa la watoto.

Kwanza: Uaminifu unaoonekana

Haitoshi msimamizi kuwa mwaminifu moyoni mwake. Uaminifu wake uwe unaweza kukaguliwa. Kila shilingi iandikwe siku ileile ilipotoka, kila risiti itunzwe, na anayepokea saruji asiwe ndiye huyohuyo anayeilipia. Kijana anayeona daftari ni usumbufu, au anayekasirika akiulizwa hesabu, atafute kazi nyingine. Nchini Marekani iko taasisi ya wasimamizi wa miradi, PMI, iliyoanzishwa mwaka 1969. Kanuni yake ya maadili imesimama juu ya mambo manne: uwajibikaji, heshima, haki na ukweli. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo geni kwa Mwislamu.

Pili: Kuona mbele

Msimamizi huichukua kazi kubwa na kuigawa katika kazi ndogondogo, kisha hujiuliza: ipi haiwezi kuanza mpaka nyingine imalizike? Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Marekani waliiwekea fikra hii kanuni za hesabu, lakini maana yake ni nyepesi. Chukueni ujenzi wa darasa. Kuta husubiri msingi, na paa husubiri kuta. Milango inaweza kutengenezwa kwa seremala wakati kuta zinapanda. Seremala akichelewa wiki moja, huenda siku ya kumaliza isiguswe. Msingi ukichelewa wiki moja, darasa zima limechelewa. Msimamizi hodari huijua ile mistari ya kazi isiyovumilia kuchelewa, na huko ndiko anakoelekeza macho yake kila asubuhi.

Tazameni mifano miwili. Jumba la Opera la Sydney, Australia, lilianza kujengwa mwaka 1959 kabla haijajulikana paa lake litajengwaje. Nguzo zilizokwisha kusimamishwa zikaonekana haziwezi kulibeba paa hilo, ikabidi zijengwe upya. Makisio yalikuwa dola milioni 7 za nchi hiyo, na kazi ilitarajiwa kumalizika mwaka 1963. Jumba lilifunguliwa mwaka 1973 kwa gharama ya dola milioni 102, na msanifu wake, Jørn Utzon, alikwisha jiuzulu mwaka 1966. Jumba ni zuri ajabu, lakini uzuri haukuzuia hasara.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Mkataba wa Reli ya TAZARA ulitiwa saini mwaka 1967, lakini ujenzi ulianza Oktoba 1970. Muda wa katikati ulitumika kupima njia na kuchora michoro. Kisha kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikatandikwa reli kwa muda usiofika miaka mitano, kabla ya wakati uliopangwa. Walioharakisha kuanza walichelewa kumaliza, na waliotulia kupanga waliwahi.

Tatu: Kusikiliza, na kusema mapema

Msimamizi hutegemea watu wengi ambao si watumishi wake: fundi, mhandisi, diwani, mfadhili, na wanakijiji wenye eneo. Hawezi kuwaamuru wote, bali hana budi kuwaelewa. Kwa hiyo ulimi wa adabu ni chombo cha kazi kama kamba ya kupimia. Lakini adabu isiwe woga. Bei ya mabati ikipanda, kamati iambiwe wiki hiyohiyo. Habari mbaya ikisemwa mapema bado ina dawa. Ikifichwa hadi mwisho huwa fedheha, na wenye mali huhisi wamedanganywa hata kama hapana aliyekusudia kuwadanganya.

Nne: Subira yenye msimamo

Kipande kigumu cha TAZARA kilikuwa baina ya Mlimba na Makambako, penye milima, mabonde na matope, ambapo madaraja na mahandaki yamefuatana. Kazi hiyo iligharimu hata maisha ya wafanyakazi. Mahali kama hapo hasira haisaidii, na kukata tamaa hakusaidii. Anayefaa ni yule ambaye mambo yakiharibika huuliza kwanza, "Tufanye nini sasa?" na baadaye, "Nani alikosea?"

Tano: Kukabidhi vizuri

Siku ya kukata utepe siyo mwisho wa wajibu. Nani atanunua vipuri vya pampu ya kisima? Nani amefundishwa kuitengeneza? TAZARA yenyewe, iliyojengwa kwa sifa kubwa, baadaye ilidhoofika kwa uchakavu wa injini na mabehewa, na mizigo yake ikapungua sana. Mradi usioacha nyuma yake mtunzaji umekamilika nusu.

Vijana wetu, si kila mtu anafaa kazi hii, wala hilo si aibu. Anayependa kuzama katika fani moja bila kukatizwa atafanikiwa zaidi katika fani hiyo. Lakini yule ambaye tangu shuleni ndiye anayegawa zamu, anayekumbusha ahadi na anayesuluhisha wenzake, aanze sasa. Zipo shahada vyuoni, na ipo mitihani ya kimataifa. Lakini shule ya kwanza ni hapa. Ombeni kusimamia ukarabati wa vyoo vya msikiti, na mlete hesabu iliyofungwa. Na msiwasahau dada zetu: mama anayetunza fedha za kikundi cha kuweka na kukopa miaka mingi bila senti kupotea ana zaidi ya nusu ya ujuzi huu. Mpeni nafasi katika kamati zenu.

Nanyi wazee, mnapochagua msimamizi, msitazame urafiki wala ukoo. Tazameni yale mambo mawili: je, ni mlinzi, na je, ni mjuzi?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana tulizokabidhiwa, na atuwezeshe kuyamaliza tuliyoyaanza. Amin.